Kisiwa Hakina Gari, Shida Iko Wapi?

"Pazuri sana, ila wangeweka usafiri."

Bwana mmoja alisema hivyo nyuma yangu kwenye boti tukirudi, miguu kaiweka juu ya begi la mtu. Usafiri! Kisiwa chenyewe ukianza kukizunguka asubuhi kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, unarudi ulipoanzia kabla jua halijawa kali. Alitaka asafirishwe kwenda wapi? Baharini?

Nilinyamaza, kwa sababu mama yangu alikuwa amekaa kati yetu na mbele yake sigombani na watu. Lakini nimerudi na donge, na leo linatoka. Jina la kisiwa sitalitaja, mtanisamehe. Nikilitaja, atakuja mtu na usafiri wake.

Matangazo ya mapumziko ya familia yana picha moja, mwaka hadi mwaka: bembea ya kamba imefungwa kati ya minazi miwili, mzazi amelala humo, kitabu kifuani. Mpiga picha hatuambii mtoto yuko wapi. Mwenye mtoto wa miaka mitano akiiona picha ile huwa anajiuliza hilo tu. Bahari peke yake haimpumzishi mzazi. Tuliwahi kwenda ufukwe mmoja mzuri kabisa, maji kama kioo, ila barabara ilipita katikati ya nyumba tuliyopanga na mchanga. Siku zote tano nilikuwa trafiki. Simama, kuja, rudi, wewe mdogo rudi! Nilifika nyumbani nimechoka kuliko nilivyotoka, na uchovu huo nilikuwa nimeulipia.

Safari hii, asubuhi ya kwanza, mdogo alinichomoka mkononi akakimbilia kona. Nami huyo, kwa sauti ya kuamsha mtaa: "Gari!"

Njia nzima ilisimama. Mzee mmoja aliyekuwa anasukuma toroli la mchanga akalitua chini, akatazama kulia, akatazama kushoto, taratibu, kama mtu aliyedondosha ufunguo. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Liko wapi, baba?"

Nilicheka kwa aibu. Usiku sikucheka. Nilikaa barazani nikaanza kuyahesabu maneno ninayowaambia wanangu tukiwa nje ya nyumba. Shika mkono. Ngoja. Usikimbie. Pita huku. Toka barabarani. Nimesema ngoja. Ukiyaondoa hayo, sina hakika kama huwa tunazungumza.

Wala si kwamba nina wazimu. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, na kwamba kwa mwaka mmoja barabara za dunia zinamaliza watu kama milioni 1.19. Hakuna maradhi yanayowamaliza vijana wa umri huo kuliko barabara. Kwa hiyo mzazi anayeung'ang'ania mkono wa mtoto hadi vidole vinageuka vyeupe yuko sahihi. Kinachonitia hasira ni namna tulivyoyapanga mambo. Mwenye chuma cha tani moja na nusu anapita anavyotaka, na mwenye miguu ya miaka mitano ndiye anayefundishwa adabu. Mtoto akigongwa, swali la kwanza ni "mama yake alikuwa wapi?" Tunawafungia watoto ndani kwa kosa la madereva, halafu tunawalaumu kwamba wanakaa na simu mchana kutwa. Wakae na nini, na mlango tumeufunga sisi?

Kule kisiwani mlango ulikuwa wazi. Siku ya pili wangu walikuwa wameshajiunga na watoto wengine kumi hivi, sijui wa nani, na kundi lile lilikuwa likipita mbele ya baraza kila baada ya muda kama jeshi, mara wana fimbo, mara wamelowa, mara wana mbwa. Mimi nilikuwa nimekaa. Nasema nimekaa! Mke wangu alinitazama akauliza, "Unaumwa?"

Siku ya tatu binti yangu, ana miaka tisa, alisema anataka kwenda dukani peke yake. Nikamwambia mama yake aamue, mama yake akaniambia mimi niamue, na wakati tunarushiana mpira mtoto alikuwa ameshaondoka. Alirudi na kitu tofauti na tulichomtuma, chenji pungufu, na uso sijawahi kumwona nao. Alikuwa amerefuka. Alitusimulia safari ile ya hatua mia mbili kwa nusu saa nzima: nani alimsalimu, wapi alipotea kidogo, wapi aliuliza njia, mzee gani alimjibu. Mimi nikiwa na miaka tisa nilikuwa natumwa mbali kuliko pale, asubuhi na jioni, na hakuna aliyenipigia makofi. Sasa imekuwa zawadi ya likizo.

Usiku, kwa kuwa hakuna injini, unasikia ndara. Kufikia siku ya nne nilishajua nani anapita kwa mlio wa ndara zake.

Najua watasema hivi ni visiwa vya watu walioachwa nyuma. Sawa, twende Michigan, Marekani, jimbo lile lile la Detroit, mji wa viwanda vya magari. Kisiwa cha Mackinac, katika Ziwa Huron, kilipiga marufuku magari mwaka 1898. Wenye farasi walilalamika kwamba madude yale yanawatisha wanyama, na marufuku yakabaki. Barabara inayokizunguka, kama kilomita 13, ni barabara halali ya jimbo, ina namba kabisa, M-185, na wanaopita humo ni waendesha baiskeli, farasi na watu kwa miguu. Ujerumani nayo, pamoja na sifa zake zote za kuunda magari, sheria yake ya barabarani ina kifungu kinachokitaja kisiwa cha Heligoland kwa jina: magari hapana, na hata baiskeli hapana. (Baiskeli nao wamezidisha, nadhani.) Sark, pale kati ya Uingereza na Ufaransa, wana matrekta na baiskeli, hawana taa za barabarani, na mwaka 2011 kikawa kisiwa cha kwanza duniani kutambuliwa kwa giza lake la usiku, lile la kuonea nyota. Hydra ya Wagiriki inabebewa mizigo na nyumbu na punda. Lamu sihitaji kuwasimulia.

Ila Lamu yenyewe pikipiki zimeingia. Hivi ndivyo mambo yanavyoharibika, kidogo kidogo, na kila kidogo kina sababu nzuri. Anaanza mmoja kwa ajili ya mizigo. Wa pili ni wa wageni wazee. Wa tatu ni kijana tu anayependa mwendo. Kuna visiwa vinavyojitangaza kabisa kwamba havina magari, ukishuka gatini unapokewa na msururu wa vigari vya umeme, vile vya viwanja vya gofu. Kitu kina magurudumu manne, usukani, taa, honi na dereva aliyechelewa, nyie mnakiitaje? Hakitoi moshi, kweli. Lakini mtoto wangu sikumshika mkono kwa kuogopa moshi. Tena vya umeme havisikiki vikija, kwa hiyo mzazi anarudi palepale, macho pande zote, na hata masikio hayamsaidii.

Haya, ya upande wa pili, nisije nikaambiwa napendelea. Mtu akiugua usiku abebwe haraka, hilo halina mjadala. Hata Mackinac wana gari la wagonjwa na la zimamoto, na Sark gari la wagonjwa linavutwa na trekta. Mabegi ni kazi, tena njia ikiwa ya mchanga ni adhabu, na tulibeba nguo ambazo hatukuzivaa. Mvua ikikukuta mbali, imekukuta.

Na mama yangu ana magoti mabovu. Gatini kijana alimletea mkokoteni wenye godoro, kwa heshima zote, akamwambia, "Karibu mama, kaa hapa." Mama akautazama mkokoteni, akanitazama mimi. "Mwanangu, mimi si gunia." Akatembea. Tulifika saa moja baadaye, tumepumzika kwenye kila baraza ya njiani, na kila baraza ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana habari. Siku ya tatu akakubali mkokoteni. Siku ya nne alikuwa anauagiza mwenyewe, na wajukuu wanamsukuma huku akiwaelekeza kwa kidole. Lakini najua si kila mzee ana wajukuu wa kumsukuma, wala si kila mwenye ulemavu anataka kugeuzwa mzigo. Hapo sina jibu, na yeyote mwenye kisiwa chake anapaswa kulitafuta.

Kuna jingine linaloniuma zaidi kulikubali, maana linampa hoja yule bwana wa kwenye boti. Wanyama. Kisiwa cha Büyükada, karibu na Istanbul, kilijulikana kwa mabehewa ya farasi, na wageni walikuwa wanayapenda, picha nzuri. Farasi walikuwa wanakufa kwa kazi na maradhi. Mwaka 2020 mabehewa yakaondolewa na magari ya umeme yakaletwa. Ningekuwa mimi farasi ningeshangilia. Kwa hiyo ukiniuliza nani abebe mzigo wa watu wanaotaka utulivu, najua jibu lisiwe punda mwenye vidonda mgongoni. Nadhani tungeanza kwa kubeba mabegi madogo, lakini hilo kamwambie mke wangu.

Mambo mengine ya kawaida: chakula kilikuwa kizuri, mtandao ulikuwa wa shida, na hatukugombana njiani hata mara moja, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaendesha na mwingine akimwelekeza.

Boti ilipofunga gati upande wa pili, kelele zilitupokea kabla ya watu. Yule bwana aliwahi kushuka. Tulimpita kwenye maegesho akizunguka katikati ya magari, mkono juu, anabonyeza rimoti, anasikiliza, anabonyeza tena. Usafiri wake ulikuwa umempotea.

Tulifika ukingo wa barabara tukasimama. Lori likapita, basi likapita, pikipiki tatu zikapita upande usio wake. Mdogo alinishika mkono kabla sijafungua mdomo, akaukaza. Mama akasema, "Mtoto ana akili huyu." Sikumjibu.