Randy Travis na Injili Isiyomkwepa Mwenye Dhambi

Mwimbaji wa kantri, muziki wa jadi wa mashambani mwa Marekani, anapoanza kurekodi nyimbo za injili, watu hukimbilia maelezo mawili: ama ameokoka, ama soko limemchoka. Maelezo yote mawili yanamhusu mwimbaji, wala hayagusi nyimbo zenyewe. Kwa Randy Travis, swali ninaloliona la haki zaidi ni kama aliingia kwenye injili akiwa na ufundi wake wa kantri au aliuacha nyuma.

Travis, mzaliwa wa Marshville, North Carolina, alikataliwa mara kadhaa na kampuni za kurekodi za Nashville, kitovu cha muziki wa kantri, kwa madai kwamba uimbaji wake ulikuwa wa kantri kupita kiasi, kabla ya albamu yake Storms of Life ya mwaka 1986 kuirudisha kantri ya zamani redioni. Alipotoa Inspirational Journey, albamu yake ya injili ya mwaka 2000, redio zilikuwa zimegeukia waimbaji wengine, kwa hiyo wanaotaja soko wana hoja. Hata hivyo, soko haliwezi kueleza kilichofuata.

Katika albamu ya Rise and Shine ya mwaka 2002 kuna Three Wooden Crosses, wimbo uliotungwa na Kim Williams na Doug Johnson. Mkulima, mwalimu, mhubiri na kahaba wamo ndani ya basi la usiku linaloelekea Mexico. Basi linagongana na lori, na watatu kati yao wanakufa. Mhubiri, akiwa anakata roho, anamkabidhi kahaba Biblia yake iliyolowa damu, na ni mwishoni kabisa ndipo tunapotambua kwamba anayesimulia kisa hiki kanisani ni mtoto wa mwanamke yule. Mwaka 2003 wimbo huo ulifika nambari moja kwenye chati ya kantri ya jarida la Billboard, jambo ambalo Travis hakuwa amelipata tangu mwaka 1994, na Chama cha Muziki wa Kantri kikautangaza kuwa wimbo bora wa mwaka.

Naamini siri yake ni kwamba unasimulia kwanza na kuhubiri baadaye. Injili ya Kusini mwa Marekani, tangu James D. Vaughan wa Lawrenceburg, Tennessee, alipotuma kundi la wanaume wanne mwaka 1910 kwenda kuimba na kuuza vitabu vyake vya nyimbo, imejengwa juu ya sauti nne zinazopatana, na nyingi ya nyimbo zake huimba juu ya mbinguni, mto wa kuvuka na makao ya milele. Ni muziki mzuri mno, lakini anayeimba ndani yake mara nyingi ni waumini wote kwa pamoja. Kantri ndiyo iliyozoea kumleta mtu mmoja, mwenye kazi yake, safari yake na dhambi yake, na Travis alimleta mtu huyo bila kumsafisha kwanza.

Ndiyo maana sikubaliani na waliosema kwamba injili yake ilipoteza maana alipokamatwa mwaka 2012 akiendesha gari akiwa amelewa, kosa ambalo baadaye alilikiri mahakamani. Wimbo wake mkubwa haukudai kwamba aliyepewa Biblia alikuwa mtu safi, wala hautuelezi aliishi vipi baada ya ajali. Unasema tu kwamba alimsomea mwanawe.

Albamu ya Worship & Faith ya mwaka 2003 ilimpa Travis tuzo nyingine ya Grammy, na sauti yake nzito inazitendea haki tenzi za zamani zilizomo. Lakini ndani yake kuna pia nyimbo za kuabudu zilizokuwa zikivuma makanisani wakati huo, ambazo waimbaji wengi wangeweza kuziimba vizuri vilevile, na hapo simwoni tena msimuliaji. Kwa anayetaka kusikia kile ambacho kantri iliiongezea injili, albamu ya kuanzia ni Rise and Shine.