Mnatangaza Baridi, Hamtangazi Buti

Baridi ya Njombe imeingia, na magari ya spika yameingia nayo. Kutwa nzima, kata ya Mji Mwema hadi kata ya Ramadhani: "Buti za baridi, orijino, bei poa, wahi!" Muziki unapandishwa, gari linapita. Duka lipi? Namba gani za viatu? Bei poa ni shilingi ngapi? Mtu aliyesimama mlangoni na hela yake anabaki hajui aende wapi. Inaniudhi, kwa sababu watu wa mji huu wanazihitaji kweli hizo buti.

Kinachomuumiza mteja ni soli. Buti nyingi za mtumba zina soli ya povu la poliyurethani, nyepesi na isiyopitisha baridi haraka. Ubaya wake ni kwamba hata ikikaa stoo miaka bila kuvaliwa, unyevu wa hewani unaila taratibu kwa ndani. Juu buti inang'aa. Ukiitembelea siku chache soli inamomonyoka kama keki kavu. Muuzaji makini huibonyeza kwa ukucha wa dole gumba. Chembe zikitoka, au alama ikibaki bila kurudi, hiyo haifai. Kisha anaikunja katikati na kutazama nyufa. Jamani, fanyeni hivyo mbele ya watu, halafu mtangaze: "Soli zimekaguliwa, ikimomonyoka ndani ya mwezi rudisha." Maneno hayo yatauza kuliko muziki wowote.

Halafu namba. 42 ya Ulaya ni kama 8 ya Uingereza, na lebo za mtumba zimechanganyika, kwa hiyo andikeni urefu wa ndani kwa sentimita. Mteja apime mguu jioni, amevaa soksi nzito, kisigino kimegusa ukuta, aongeze sentimita 1 mbele ya kidole kirefu. Wengi huchukua buti inayobana wakidhani ndiyo itatunza joto. Ikibana, damu haifiki vizuri vidoleni na miguu inakufa ganzi hata ukivaa soksi mbili. Mabuti ya mpira nayo yanazuia tope lakini jasho halitoki. Yauzwe pamoja na soksi za sufu, na mnunuzi aambiwe abadilishe soksi mchana.

Haya, nakubali kwamba spika lina kazi yake. Bibi asiye na simujanja hatasoma status ya WhatsApp. Basi gari lisimame kwenye kona, muziki uzimwe, litajwe duka, namba na bei. Na lianze Mei, kabla watu hawajanunua chochote walichokuta.

Chai je? Tumezungukwa na mashamba ya chai ya Kibena, Luponde na Lupembe, lakini mabango yanaonyesha kikombe kinachotoa moshi, basi. Semeni pakiti ya gramu 100 inatoa vikombe 40 kwa gramu 2.5 kila kimoja, na ilifungwa lini. Semeni pia jinsi ya kuipika huku kwetu juu: kwenye mita 2,000 hivi maji yanachemka kwenye nyuzi 93, kwa hiyo chai ya rangi inataka dakika 5 imefunikwa, birika likiwa limesuuzwa kwanza kwa maji ya moto. Mkiweka meza ya kuonjesha sokoni, chujeni majani kabla ya kumimina kwenye chupa. Yakiachwa humo asubuhi, wa saa sita anaonja uchungu na kulaumu chai. Na msiyapange majani jirani na sabuni wala mafuta ya taa. Yananyonya harufu hata kupitia nailoni nyembamba.

Mafundi viatu ndio wanaosahaulika kabisa, ilhali soli iliyobanduka haihitaji buti mpya. Ubao mmoja dukani kwa muuzaji ungewatosha: fundi yuko wapi, saa ngapi, kushona soli bei gani, kubandika bei gani. Aandike pia kiatu kiletwe kikavu, kimejazwa magazeti usiku kucha mbali na jiko, maana moto unaipasua ngozi. Gundi haishiki kwenye soli yenye unyevu, hata ikwaruzwe kwa msasa na gundi iachwe dakika 10 hadi 15 kabla ya kugandamizwa. Fundi akilazimishwa kuharakisha, itabanduka tena, na lawama atapewa yeye.