Nusu ya Sahani Iwe Mboga

Mimi nilikwenda zahanati kupima malaria. Malaria hawakuiona. Lakini kile kimashine cha presha kilikuwa kimekaa tu pale mezani, foleni fupi, wakanifunga mkono. 150 kwa 95. Dada akapima tena, akidhani mashine ndiyo inaumwa. Akanitazama usoni, akashuka na macho mpaka kwenye kitambi, akakaa hapo muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akaniandikia kikaratasi nikamwone dada wa lishe chumba cha pili.

Dada wa lishe ni binti wa juzi tu, lakini anavyokuita "baba" unajua umekosa. Ana picha ya sahani ukutani. Akaniambia, "Baba, nusu ya sahani yako iwe mboga."

Nilitoka mle nikiimba. Jioni nikamfikishia mama watoto ujumbe kama ulivyo, sikuongeza wala kupunguza: wataalamu wamesema nusu ya sahani iwe mboga. Sasa wewe na mimi tunajua mboga ni nini. Mboga ni kitu kinachosukuma ugali. Ukiuliza "leo mboga nini?" ukajibiwa "nyama", hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo mimi nilishajiona na nusu sahani ya nyama, kwa amri ya zahanati. Nikaanza kuiona faida ya presha.

Mama Neema akaninyang'anya karatasi, akaisoma, akacheka kile kicheko chake cha puani. "Za majani, Baba Neema. Imeandikwa hapa. Mboga za majani."

Na hapakuwa na majani tu. Chumvi isizidi gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kuanzia asubuhi mpaka unalala, pamoja na ile iliyojificha ndani ya mkate. Kijiko kimoja! Mimi nilikuwa namaliza hicho kwenye yai la kuchemsha. Halafu matunda na mboga, gramu 400 kila siku kwa mtu mzima. Nikachukua kalamu. Nyumbani tuko sita. Hata watoto ukiwapunguzia, hapo unazungumzia kama kilo mbili za majani na matunda kila siku ya Mungu. Kwetu Mpwapwa tulikuwa na mbuzi waliokula kiasi hicho, lakini wale walikuwa wanakwenda kujitafutia wenyewe. Hawakuwahi kuniomba hela ya matumizi.

Hela ya matumizi naacha elfu kumi. Kazi yangu ni stoo Kariakoo, nyumba Mbagala, na katikati hapo kuna nauli. Elfu kumi ndiyo inatoa chai, mchana, usiku, mkaa, na kile kitu ambacho mama Neema anakiita "vitu vidogo vidogo", ambavyo kwa miaka kumi na moja sijawahi kuviona.

Tukaanza na mchicha. Mchicha nao una utapeli wake. Unanunua gengeni umeukumbatia kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, unaosha mara tatu maana nusu ni mchanga wa bondeni, unaubandika jikoni, ukigeuka kuchukua mwiko, umebaki kiganja kimoja. Umekwenda wapi? Mafungu sita yamelala chini ya sufuria kama kitambaa cha kufutia meza. Nikamuuliza mke wangu kama umeibwa. Akasema ndivyo ulivyo, na kama nataka nusu sahani basi nimnunulie muuza genge kiwanja kabisa.

Tukahamia maharage. Dada wa lishe aliyasifia sana: yana protini, tena rahisi kuliko nyama. Kweli, dukani ni rahisi. Jikoni je? Jumapili ya kwanza tulibandika nusu kilo saa nne asubuhi. Saa sita unabonyeza, kama kokoto. Saa nane, kokoto iliyoanza kujifikiria. Makopo mawili ya mkaa yakaisha, nikatumwa la tatu. Pale dukani nikapiga hesabu: mkaa umeyapita maharage bei. Yaani tungenunua nyama tukaila nusu mbichi ingekuwa nafuu. Jirani mmoja, mama mtu mzima, akatusikia tukizozana akauliza, "Mliyaloweka usiku?" Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa ameyaloweka. Siku hizi nalala na bakuli la maharage kwenye maji pembeni ya kitanda nisije nikasahau. Tukitaka haraka, tunapika choroko. Nimeziheshimu choroko, hazina maringo.

Lakini kilichoniumiza roho ni unga. Sikiliza vizuri hapa. Sembe tunaikoboa. Tunalipia mashine ili mahindi yavuliwe ganda na kiini, ugali utoke mweupe kama shuka la hotelini. Zile pumba zinakwenda kwa mfugaji wa kuku. Kuku anakula pumba, ananawiri, macho yanang'aa. Halafu mimi niliyebaki na weupe natoka kwenda kumnunua yule kuku nipate afya. Yaani nimeifukuza afya kwa hela, na kuirudisha kwa hela, na katikati hapo kuku amefaidi na mfugaji amefaidi. Dada wa lishe aliponiambia nile dona, nilimwangalia tu. Dona nililila bweni miaka minne, na siku ya kumaliza shule niliapa mbele ya mashahidi. Sasa naliona limefungwa kwenye mfuko una picha ya mwanamke anacheka, na bei imepita sembe. Anacheka nini? Anatucheka sisi.

Matunda sizungumzi sana. Tofaa la Afrika Kusini limepakwa ming'aro, bei yake napata ndizi za nyumba nzima. Tunakula ndizi. Mwezi wa maembe tutakula maembe.

Majaribu makubwa yapo kituoni. Nashuka kwenye daladala saa moja usiku, tangu saa saba sijatia kitu tumboni, nyumbani najua kuna dona na matembele. Na pale pale unaposhukia, yule kijana amewasha taa yake, anageuza viazi kwenye karai. Usiniambie habari ya nguvu ya nia. Nia inaishia puani. Siku ya nne nikasimama. Nikajisemea, nitakula kiafya hapa hapa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nifungie kavu, usiweke chumvi." Mkono wake ulikuwa umeshanyanyua lile kopo lenye kifuniko cha matundu, ukagandia hewani. Akaninong'oneza kwa huruma kabisa, "Bro, unaumwa?" Watu watatu kwenye foleni wakageuka. Nikaona aibu. Nikamwambia, "Hapana, nilikuwa natania, weka." Akaweka. Akaweka na ya pole juu yake. Kachumbari nilimwomba aongeze mara mbili, nikajipigia mahesabu kuwa gramu zangu 400 zimo humo.

Mama Neema alinusa shati tu. Hakusema kitu. Alinipakulia matembele.

Basi wiki iliyopita nikasoma ile karatasi upande wa nyuma. Mtama, uwele, ulezi, mlenda. Nikaisoma mara mbili. Uwele na mlenda! Mimi ni Mgogo wa Mpwapwa, ndugu zangu. Uwele na mlenda ndivyo vilivyonipandisha basi kuja mjini. Nimekuja huku miaka kumi na tisa iliyopita nikikimbia bakuli la mlenda, na sasa limenifuata mpaka zahanati. Nikapitia duka moja la wenye nazo kuulizia unga wa uwele. Kilo moja, niliposikia bei, nikauliza kama na mkulima yumo ndani ya mfuko.

Ndiyo nikampigia mama. Mbukwenyi, mbukwenyi, mvua, mbuzi, shangazi, ugomvi wa mpaka wa shamba. Nikazunguka mpaka nikaona salio linaisha, nikasema, "Mama, nilikuwa naomba unitumie uwele. Hata debe moja. Na mlenda ule mkavu, kama upo."

Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Nasikia kuku wanalia nyuma yake.

"Baba," mama akasema, taratibu, "kazi imeisha lini?"

Nikamwambia kazi ipo, mama, ni daktari. Hapo ndipo nikaharibu kabisa, maana kwake sasa nimefukuzwa kazi na ninaumwa. Nikamweleza habari ya presha, sahani, nusu, gramu. Akaniitikia "mh", "mh", kama mtu anayesikiliza mlevi. Mwisho akasema, "Wala usinifiche, mwanangu. Wengi wanapita huko. Mkeo yupo au ameondoka?"

Debe la uwele limefika juzi kwa basi, Mbezi. Kulifuata kutoka Mbagala na kurudi, pamoja na bodaboda ya mwisho, nauli imekula kile nilichookoa. Ndani ya kiroba, juu ya mlenda, kulikuwa na kuku wawili waliokaushwa, wamefungwa kwenye gazeti.

Na jana saa kumi na mbili jioni, nikiwa ndani ya daladala, simu ikalia. Nimepokea shilingi 20,000. Nyuma yake ujumbe, kauandika mjukuu lakini maneno ni yake: "Kanunue mchele na nyama ule ushibe. Mungu yupo."

Nilishuka kituoni kuzitoa. Wakala wangu yuko pale pale, meza ya pili kutoka kwenye karai la yule kijana.