Fuawe ya Hesiod na Chuma cha Mbinguni

Mwaka 1871 Nevil Story Maskelyne, mtunza madini wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, alikuwa akichunguza kimondo cha Breitenbach. Humo alikuta chembe alizoziona kuwa madini mapya, akayaita asmanaiti, kutokana na neno la Kisanskriti *ashman*: jiwe, na pia radi ya mungu Indra. Neno hilo ni ndugu wa *akmon* ya Kigiriki, yaani fuawe. Na Hesiod, mshairi wa kale wa Kigiriki, aliimba kwamba fuawe ya shaba ikidondoka kutoka mbinguni itaanguka siku tisa, usiku na mchana, ifike ardhini siku ya kumi.

Je, mshairi alihifadhi kumbukumbu ya kimondo?

Wanaokubali wana pa kushika. Katika michezo ya mazishi ya Patroclus, Homer, mshairi mwingine wa Kigiriki, anamwonyesha shujaa Achilles, rafiki wa marehemu, akitoa tuzo ya bonge la chuma, na neno analolipamba nalo laweza kusomwa "lililojiyeyusha lenyewe". Isitoshe, kabla watu hawajajua kuyeyusha mawe yenye chuma, walitumia kile kilichoshuka chenyewe. Jambia la Tutankhamun, farao wa Misri, lilipopimwa kwa eksirei, majibu yake yakachapishwa 2016, lilikutwa na nikeli karibu asilimia 11. Nikeli nyingi namna hiyo ni alama ya chuma cha vimondo; chuma cha kawaida cha matanuri ya kale hakina kiasi hicho. Watu waliokitunza chuma pamoja na dhahabu wangeweza kabisa kusimuliana kilikotoka.

Mimi, hata hivyo, Homer mwenyewe ananirudisha nyuma. Achilles anasema mshindi atatumia bonge lile miaka mitano, wala mchungaji na mkulima wake hawatalazimika kwenda mjini kutafuta chuma. Hayo ni maneno ya majembe, si ya hazina ya mbinguni. Tena katika Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, jicho la Cyclops, jitu la jicho moja, linachomwa na kulia kama shoka la moto ambalo mhunzi analizamisha kwenye maji baridi ili ligangamale. Maji hayakigangamazi chuma isipokuwa kimenyonya kaboni ya makaa, na chuma cha vimondo kwa kawaida kina kaboni kidogo mno. Aliyetunga mistari ile aliijua karakana ya mhunzi, mvukuto na mvuke wake.

Hata undugu wa *ashman* na *akmon* hauthibitishi mengi. Maana ya zamani ni jiwe, na jiwe lilitumika kama fuawe kabla ya chuma. Halikuhitaji kuanguka kutoka popote.

Bado siwalaumu wanaosoma mashairi wakiwa na vimondo mkononi. Nikeli ndani ya mawe yaliyoanguka ilikwisha kutambuliwa na Edward Howard mwaka 1802, kwa hiyo kipimo kilikuwepo. Utenzi ndio unaoweza kumwambia mtu apime kitu gani. Bonge la Achilles tu halipo tulipime.

Na asmanaiti? Ilibainika kuwa ni tridimaiti, aina ya madini ya silika, ambayo Gerhard vom Rath alikuwa ameieleza tangu 1868, na jina la Maskelyne likaachwa.