Gasketi ya Mapengo Matatu

Fundi kanipigia simu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chai bado iko jikoni. Hakuna salamu, hakuna umeamkaje. "Maalim, si hii."

Sikuuliza nini si hii. Gasketi ya hedi, kile kizibo chembamba kinachokaa chini ya kichwa cha injini, ya tatu sasa. Imeteremka Mkoani, huku kwetu Pemba, na boti juzi, nimeipokea kama mkwe, nimeibeba mapajani mpaka Chake ndani ya daladala lililojaa madumu ya samaki. Kumbe si hii.

Gari yangu mnaijua. Dizeli, lita 3, ina tabo ya kuisukumia injini hewa, geji inasoma kilomita 398,000 na ushei, na inasoma hivyo tangu mwaka juzi kwa sababu geji nayo imekufa, kwa hiyo umri wake wa kweli anaujua Mungu na yule Mjapani wa mwanzo. Ilichemsha mwezi wa Shaaban, kwenye kilima kabla ya Mtambile. Moshi mweupe nyuma utadhani tunachoma makumbi. Nikafungua kifuniko cha oili, ndani mna chai ya maziwa: maji yameingia kwenye oili. Hapo hapo wakatokea watu sita, wametoka wapi sijui maana pale hakuna nyumba, na kila mmoja na ugonjwa wake: pampu ya maji, temosteti, rejeta, feni. Wa sita akasema ni jicho la hasidi, na mpaka leo ndiye aliyenitoza bei rahisi.

Hedi ikafunguliwa. Fundi akanieleza kwa upole kama daktari anayetaka kukupeleka Unguja: hedi hii ni aluminiamu, bloku ya chini yake ni chuma, na aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. "Hao wawili wanavutana kila siku, maalim, na katikati yao ipo gasketi tu." Nikamwambia hiyo si injini, hiyo ni nyumba ya mjomba wangu.

Gasketi yenyewe imeungua baina ya silinda ya pili na ya tatu. Akamimina petroli kwenye matundu ya hedi, valvu mbili zikavuja. Akazisaga kwa mkono siku mbili, akizungusha kijiti viganjani kama anapekecha moto. Hedi ikapelekwa Unguja kupimwa nyufa kwa presha na kusawazishwa uso. Huko ikakuta umeme hakuna, ikalala siku nne. Imesafiri na boti mwaka huu kuliko mimi.

Tabo nayo ina mchezo, na kosa likawa langu. Eti nazima gari ghafla. Nikifika niiache ingurume dakika moja mbili, oili iupoze mhimili wa tabo unaozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Kengele ya skuli imelia, watoto wako madirishani, mimi nikae garini nimsubiri tabo apumue?

Lakini hayo yote nilimeza. Lililonitoa heshima ni mapengo.

Fundi anasema pistoni za dizeli zikifika juu huchungulia kidogo nje ya bloku, na gasketi huchaguliwa kwa kipimo cha huko kuchungulia. Unene wake unausoma ukingoni, kwenye vikato. Yeye anaviita mapengo. Yetu matatu. Ikiwa nyembamba, pistoni itagonga hedi. Ikiwa nene, mgandamizo unapungua na asubuhi gari haiwaki. Tofauti yenyewe haifiki robo ya milimita. Mimi nasomesha hesabu mwaka wa 22 huu, sijapata kuteswa na desimali namna hii.

"Chukua ya zamani, wakuoneshe ya mfano wake," akaniambia. Basi nikapita nayo mjini Chake kwa mguu, kanzu nyeupe, dude jeusi la matundu manne kwapani. Wa kwanza: "Maalim, jiko la sahani nne hilo?" Wa pili akauliza kama ni ubao wa bao la kisasa.

Dukani nikamkuta bwana mmoja amekaa nyuma ya meza, anakunywa kahawa. Akatoa boksi, ndani gasketi imebanwa na plastiki.

"Ina mapengo mangapi?"

"Mapengo? Yakhe, hii mpya. Haina pengo hata moja."

Nikamwonesha kwenye ya zamani. Akacheka. "Ah, hivyo ndivyo inavyoungua."

"Haijaungua hapo, imetengenezwa hivyo. Chana plastiki nihesabu."

"Ukichana umenunua."

"Ninunue kitu sijakijua?"

"Mke ulimchana plastiki?"

Kulikuwa na kijana kaja kununua plagi ya Vespa, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Kulikuwa na bibi mmoja anasubiri chenji yake, yeye akakasirika kwa niaba ya mke wangu. Ikabidi tuhesabu kwa kupapasa. Bwana duka akapitisha kidole gumba juu ya plastiki, macho kafumba: "Moja... mbili..." Akanyamaza. Akarudi mwanzo. Kijana wa Vespa akamulika kwa simu, akasema matatu. Mimi nikapapasa, nikapata mawili na kitu. Bibi akaomba naye, akavua miwani, akapapasa taratibu kama anachagua mchele, akatoa hukumu: "Matatu. Mpe mtu haki yake." Nikalipa shilingi 85,000.

Fundi akachana. Mapengo mawili na mkunjo wa plastiki.

Nikarudi mbio. Pale ukutani kuna kibao ambacho sikukiona mwanzo: bidhaa ikishauzwa hairudi. Bibi yupo, bado anasubiri chenji. Kanitazama kama nimekuja kumsumbua.

Ya pili kaileta shemeji kutoka Unguja, mapengo hayana idadi: kaikalia kwenye boti. Na hii ya leo, ya kutoka Dar, mapengo matatu barabara, nimeyahesabu usiku kabla sijalala. Ila njia za maji hazilingani. Ni ya injini nyengine. Fundi kaisema habari hiyo kwa furaha, kama aliyegundua kisiwa.

Nimechoka jamani. Ramadhani nzima nimefuturu njiani. Idi tumekwenda kwa mguu, binti yangu viatu vipya mkononi. Hizo laki zilikuwa za bati, na masika imeingia, nyumba inavuja mahali pale pale pa mwaka jana, juu ya kichwa changu mimi.

Sasa niko barabarani, daladala la tatu limepita limejaa. Kasimama mzee na gari lake la ng'ombe, kapakia makuti. "Panda, maalim." Nikapanda, na kanzu yangu. Hatujafika mbali ng'ombe kasimama, anahema, povu mdomoni. Mzee anasema ana kikohozi, kaambiwa ampe majivu ya makumbi na maji ya chumvi. Nikamwambia huyu hana kikohozi, huyu ana joto, asimsimamishe ghafla, ampunguzie mwendo kidogo kidogo. Mzee kageuka kunitazama.

"Wewe ng'ombe unao?"

Sina, lakini yule ng'ombe masikio yake yalikuwa ya moto, niliyashika mwenyewe. Na kijana mmoja aliyekuwa akipita na baskeli kasimama, anasema si joto wala kikohozi, ni kwato.