Yusufu hakuhubiriwa shimoni

Wiki iliyopita nilikuwa msibani. Rafiki yangu amezika mtoto, na kabla macho hayajamkauka, mpendwa mmoja akamshika bega na kumwambia kwa ile sauti ya mimbarini: "Usilie, ndugu. Mungu ana kusudi lake." Rafiki yangu akaitikia "Amina" kama mtu anayefunga mlango. Mpendwa akarudi kuketi, ameridhika, huduma imekamilika.

Hasira haijanitoka mpaka leo. Na msinielewe vibaya: kwamba Mungu ana kusudi, naamini. Nisipoamini hilo sina imani nyingine ya kubaki nayo. Ninachouliza ni nani analisema, na lini.

Maana tunapenda sana kumtaja Yusufu. "Nanyi kweli mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema." Vizuri. Neno hilo liko Mwanzo sura ya 50, baba yao ameshazikwa, ndugu wana hofu ya kulipiziwa kisasi, na anayelisema ni Yusufu mwenyewe. Sasa rudi sura ya 37. Ana miaka 17, yuko shimoni, na juu yake ndugu zake wameketi wanakula chakula. Mfikirie mmoja wao anainama ukingoni, mdomo umejaa, anamwambia: "Vumilia, mdogo wangu, Mungu ana kusudi na wewe." Kimafundisho asingekosea hata neno moja! Na bado ingekuwa dhihaka.

Halafu msome Yusufu akiwa gerezani, sura ya 40. Je, anatoa ushuhuda? Analalamika. Anamwambia mnyweshaji wa Farao kwamba aliibiwa kutoka nchi ya Waebrania, kwamba hakufanya lolote la kumtia humo ndani, na anamwomba amtaje kwa Farao ili atoke. Mtu wa Mungu, mfasiri wa ndoto, anatafuta wa kumsemea! Mnyweshaji akamsahau miaka miwili mizima. Alipokuja kusimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 30. Hesabu mwenyewe: miaka 13, na sioni mahali popote katikati hapo mtu aliyemhubiria kusudi. Imeandikwa tu kwamba Bwana alikuwa pamoja naye.

Yeremia 29:11, ule wa "mawazo ya amani wala si ya mabaya", sitaki hata kuuanza. Huo mstari tunaoubandika kila ukuta umetanguliwa na wa 10, unaosema miaka 70. Ni barua ya Yeremia kwa Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli, na wengi walioisikia wangezikwa huko huko. Wa 10 sijauona ukutani kwa mtu.

Marafiki wa Ayubu nao walikaa naye chini siku saba bila neno, wakawa wafariji wazuri kweli, mpaka walipofungua midomo.

Na Yesu alijua kabisa kwamba baada ya muda mfupi Lazaro atatoka kaburini. Kusudi alikuwa nalo mkononi. Akalia machozi.

Haya, nakubali, shingo upande: wapo waliovushwa na neno hilo hilo. Hata mimi, mwaka niliopoteza kazi, nilikuwa nalinong'ona usiku nikikosa usingizi. Lakini nililinong'ona mwenyewe, na siku nyingine nililisema kwa hasira, nikimdai Mungu alitimize. Hakuna aliyenikabidhi ili ninyamaze.

Juzi nilimrudia rafiki yangu. Akaniomba tusome chochote, ila nisimletee mistari ya kufariji. Nikamfungulia Zaburi ya 88, ile ambayo haina mgeuko wa furaha mwishoni, inamlilia Mungu mchana na usiku halafu inaishia gizani. Tukafika mwisho. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Rudia."