Daraja la Tadcaster na Hoja ya Kujenga Upya

Jioni ya tarehe 29 Desemba 2015, sehemu ya daraja la mawe la Tadcaster, mji mdogo wa Yorkshire nchini Uingereza, iliporomoka ndani ya Mto Wharfe uliokuwa umefurika. Daraja hilo, linaloaminika kujengwa karibu mwaka 1700, lilikuwa limeshafungwa kwa tahadhari. Nimeitazama video ya tukio hilo mara nyingi: ukuta wa pembeni unalegea, kisha mawe yanateremka majini kwa mkupuo mmoja. Bomba la gesi lilipasuka, na wakazi wa karibu wakahamishwa usiku huohuo.

Mji ulikatika vipande viwili. Mwenye nyumba ng'ambo hii na duka ng'ambo ile alilazimika kuzunguka kwa gari hadi daraja la barabara kuu nje ya mji, na daraja lenyewe halikufunguliwa tena hadi tarehe 3 Februari 2017.

Wengi hudhani kwamba mafuriko huliangusha daraja kwa kulisukuma. Mara nyingi hulichimba. Maji yanapobanwa kati ya nguzo huongeza kasi, yakakomba changarawe iliyo chini ya msingi kidogo kidogo, hata nguzo ikakosa pa kukanyaga na tao lililobeba mizigo miaka nenda miaka rudi likafumuka.

Tadcaster ilijengewa tena daraja lake la mawe, nami naafiki kabisa, kwa kuwa matao mengine yalikuwa bado yamesimama na haikuwa haki kuyabomoa. Huko Pooley Bridge, kijiji cha Cumbria nchini humohumo, hali ilikuwa tofauti. Daraja la mwaka 1764 lilisombwa mwezi uleule wa Desemba 2015 na dhoruba iliyoitwa Desmond, na mwaka 2020 likafunguliwa jingine la chuma cha pua kisichoshika kutu, lisilo na nguzo hata moja ndani ya maji. Sikubaliani na wanaouona uamuzi huo kuwa ni kuisaliti historia, kwani kurudisha nguzo zilezile mtoni kungekuwa kuyapa maji mahali palepale pa kuchimba.

Ninachokidai kwa madaraja ya kale yaliyosalia ni kwamba wapiga mbizi washuke kukagua misingi kila mto unapopungua baada ya kufurika. Ufa wa juu huonwa na kila mpita njia, lakini shimo lililo chini ya nguzo halionekani na yeyote aliye barabarani.